Vigezo vya Kupima Tamthilia ya Marafiki wa Kike

Tamthilia ya televisheni, yaani hadithi ya kuigizwa inayorushwa kwa sehemu zinazofuatana, haipimwi kwa mizani ileile inayotumika kwa filamu ya saa moja na nusu, kwa kuwa mtazamaji huishi na wahusika wake kwa miezi au hata miaka na huanza kuwadai ukweli ambao asingemdai mgeni wa jioni moja. Tamthilia inayohusu maisha ya wanawake wapendao wanawake ina mtihani wa ziada, kwani watu huisifu au kuilaani kwa sababu ya mada yake, wengine kabla hata hawajaitazama, na ufundi wenyewe ukabaki bila mpimaji. Mwongozo huu unashughulikia ufundi huo, na unatumia kazi mbili kama vielelezo. Ya kwanza ni The L Word, tamthilia ya Marekani iliyobuniwa na Ilene Chaiken na wenzake na kurushwa na Showtime kwa misimu sita kuanzia mwaka 2004 hadi 2009. Ya pili si tamthilia bali ni Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ambayo mwaka 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya nchi hiyo kuteuliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Kielelezo cha pili kimetafutwa Nairobi kwa sababu iliyo wazi: nchini Tanzania, ambako Bodi ya Filamu hukagua kazi chini ya sheria ya mwaka 1976 na sheria za jinai huadhibu mahusiano ya jinsia moja, si rahisi kazi ya aina hii kufika kwenye runinga.

Kigezo cha kwanza ni mandhari, yaani mahali na mazingira ambamo hadithi inatendeka. Tamthilia nyingi za Bongo hupigwa katika nyumba za kifahari za aina inayoonekana Mbweni, pembezoni mwa Kinondoni kando ya Bahari ya Hindi, zenye ukuta mrefu, geti la chuma na sebule yenye makochi makubwa, lakini mara nyingi nyumba hiyo ni pambo tu. Kipimo chake ni chepesi: mtazamaji ajiulize kama hadithi ingeweza kuhamishiwa Temeke pasipo kubadilika neno. Mwandishi makini anajua kwamba isingewezekana, kwa sababu siri ya wanawake wawili wanaoishi Mbweni hulindwa na ukuta, na papo hapo imo mikononi mwa watu wanaolipwa mshahara, yaani mlinzi anayefungua geti usiku na dada wa kazi anayetandika vitanda; ilhali katika nyumba ya kupanga ya Temeke, ambako uwanja, bomba na choo ni vya wapangaji wote, siri hiyo hujulikana mapema na hudumu kwa hiari ya majirani kunyamaza. Katika hali ya kwanza tishio ni dada aliyefukuzwa kazi kwa hasira, na katika ya pili ni ugomvi wa zamu ya kufagia. Migogoro hiyo miwili haiwezi kuzaa hadithi moja. Rafiki inafaulu hapa, kwa kuwa kibanda cha Mama Atim, mahali pa kula na kusengenya, ndicho jicho la mtaa mzima, na umbea unaotoka hapo ndio unaosukuma msuko, yaani mfuatano wa matukio.

Kigezo cha pili ni kazi na pesa. Mhusika asiye na kazi inayoeleweka hubaki kivuli, hata akiigizwa na mtu mwenye kipaji. Siri ya Mtungi, tamthilia ya Kitanzania iliyoanza kurushwa mwaka 2012, ilimpa mhusika wake Cheche kazi ya upigaji picha, na kazi hiyo ikawa mlango wa kumwingiza katika maisha ya watu wengine. Vivyo hivyo, katika The L Word, Dana Fairbanks ni mchezaji wa tenisi anayejificha kwa kuhofia kuwapoteza wadhamini, kwa hiyo hofu yake ina bei inayojulikana. Katika Rafiki, wapenzi wawili, Kena na Ziki, ni mabinti wa wanaume wawili wanaogombea kiti kimoja, na kila wanapoonekana pamoja kuna kura zinazoweza kupotea. Udhaifu wa The L Word uko hapohapo: wahusika wake wengi huishi katika nyumba nzuri za Los Angeles na kushinda mkahawani bila kodi wala deni kuwasumbua kama ambavyo vingewasumbua watu wa kawaida.

Kigezo cha tatu, ambacho ndicho kizito kuliko vyote, ni urafiki wenyewe. Mapenzi ni rahisi kuyaigiza, kwa sababu busu, machozi na muziki huweza kuficha uandishi hafifu. Urafiki hauna maficho hayo. Mtazamaji asikilize wanachozungumza marafiki wakiwa mezani wakati hakuna mapenzi ya kujadili: je, wanakatizana kauli, wanataniana kwa mambo ya zamani, wanadaiana? The L Word ilipata nguvu yake katika mkahawa wa The Planet, ambako marafiki hukaa wakichambana, na katika mchoro wa mhusika Alice unaoonyesha nani aliwahi kuwa na nani, kwani mchoro huo unathibitisha kwamba kundi lina historia na kwamba waliokuwa wapenzi jana ni marafiki leo. Hapa ndipo huhitajika kumbukumbu ya tamthilia, yaani uwezo wa sehemu za baadaye kubeba uzito wa yaliyotokea awali. Dana alipofariki kwa saratani ya matiti katika msimu wa tatu, watazamaji wengi walikasirika. Lakini mpimaji makini hamalizi hukumu yake kitandani pa mgonjwa, bali hutazama miezi inayofuata aone kama pengo lile linaonekana katika matendo ya waliobaki. Katika kigezo hiki Rafiki ni dhaifu zaidi, kwani nje ya wapenzi wawili, marafiki wa Ziki na vijana anaocheza nao Kena mpira hawapewi undani wa kutosha.

Kigezo cha nne ni majibizano na ukimya. Tamthilia hafifu humlazimisha kila mhusika kutamka anachokihisi, kisha huongeza muziki wa huzuni ili mtazamaji asikosee. Katika Rafiki, baada ya Kena kupigwa na kundi la watu, huketi karibu na kijana ambaye mtaa umezoea kumdhihaki kwa sababu kama ile iliyomfanya Kena apigwe; hawasemi kitu, na mtazamaji anaelewa kila kitu.

Kigezo cha mwisho ni hatima. Mwisho mzuri hutokana na wahusika, si na amri ya nje. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku Rafiki mwezi Aprili 2018, ikiwa imeona kwamba mwisho wake una matumaini kupita kiasi, na Kahiu akakataa kuubadilisha; mwezi Septemba mahakama iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Mtazamaji anaweza kutokubaliana na maisha yanayoonyeshwa, na bado akatambua kwamba mwisho wa adhabu ungekuwa uongo wa kisanaa, kwa sababu hakuna chochote katika tabia ya Kena kinachouandaa.

Kwa mizani hii, Rafiki inashinda kwa mandhari, ukimya na hatima, nayo The L Word inashinda kwa urafiki na kumbukumbu, huku zikigawana kigezo cha kazi. Kazi itakayounganisha sifa za zote mbili, kwa Kiswahili cha pwani, bado ina nafasi yake wazi. Kwa sasa, mtazamaji wa Mbweni anaweza kuanza kuvitumia vigezo hivi kwa tamthilia yoyote ya Bongo inayohusu marafiki wa kike, na atagundua kwamba nyingi huanguka katika kigezo cha tatu, pale wanawake wanapokutana sebuleni kwa ajili ya kuzungumzia wanaume tu.