Gitaa Mezani pa Mtahiniwa: Usikilizaji wa Nyimbo za Kiswahili Huko Kamatanda

Uhakiki wa nyimbo za Kiswahili umekuwa kwa muda mrefu uhakiki wa maneno yaliyonukuliwa. Mhakiki huketi na kinasa sauti, huandika mishororo, huigawa katika beti, kisha huiuliza maswali yale yale anayoiuliza riwaya: dhamira ni ipi, msimamo wa msanii ni upi, tamathali zipi zimetumika. Njia hiyo imetupatia mengi, na makala haya hayakusudii kuibeza. Tunachodai ni kwamba imemwacha nje msikilizaji, hasa yule asiyeutegea wimbo sikio lake lote. Mfano wetu ni mwanafunzi wa Kamatanda, pembezoni mwa mji wa Likasi katika jimbo la Haut-Katanga, anayejiandaa kwa Mtihani wa Dola wa kumaliza sekondari, ambao wenyewe huuita Exetat, huku simu yake ikipiga nyimbo anazozipenda kwa mpangilio alioufanya mwenyewe.

Mazingira yake ya lugha yanastahili kuelezwa. Kamatanda ni mahali pa shaba na kobalti na pa wachimbaji wa mikono. Lugha ya njiani, sokoni na machimboni ni Kiswahili cha Katanga, chenye *batu* badala ya *watu* na maneno ya Kifaransa yaliyozama ndani yake kiasi cha kutohisiwa tena. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, na Kifaransa kuwa lugha rasmi. Katika mtihani tofauti hiyo si ya karatasi tu. Daftari ni la Kifaransa, maswali ni ya Kifaransa, insha huandikwa kwa Kifaransa. Ukiondoa sauti ya mama anayeita kutoka uani, Kiswahili hufika kwenye meza ya mtahiniwa kwa njia ya wimbo. Kama pana fasihi ya Kiswahili katika majuma yale ya usiku mrefu, basi ni hiyo. Ndiyo maana suala hili, ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya wasomi wa tenzi, linatuhusu.

Tuanze na chombo, kwa kuwa chombo huamua aina ya usikilizaji. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, ambayo ndiyo iliyowatangaza wapiga gitaa wa Katanga, ilichukua takriban dakika tatu kila upande. Hakuna awezaye kukariri kanuni za kemia huku akiinuka kila dakika tatu kugeuza santuri. Santuri ilimtaka mtu awepo. Redio haikumtaka hivyo, lakini nyimbo zake zilichaguliwa na mtu mwingine, na kati ya wimbo na wimbo palikuwa na mtangazaji. Kaseti iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963 ndiyo iliyompa msikilizaji nusu saa nzima ya nyimbo alizozichagua, na simu ikaondoa hata mpaka wa nusu saa. Orodha ya nyimbo ya mwanafunzi, kwa hiyo, ni kazi ya uhariri. Ni diwani. Ina wimbo wa kufungulia, ina nyimbo zilizowekwa pamoja kwa sababu, na ina zile zilizofutwa. Ajabu ni kwamba tumeandika kurasa nyingi kuhusu wahariri wa diwani za mashairi na hatujamtazama mhariri huyu.

Je, muziki humsaidia anayesoma? Hapa hatuna budi kuwasikiliza wanasaikolojia, kwani wanafunzi wengi hujitetea kwa usemi kwamba muziki hufungua akili. Usemi huo ulipata nguvu mwaka 1993, pale Rauscher, Shaw na Ky walipochapisha matokeo yao kuhusu wanafunzi waliousikiliza muziki wa Mozart kabla ya jaribio. Mwaka 1999 Chabris na Steele, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba athari hiyo ni ndogo mno au haipatikani kabisa. Aidha, wale walisikiliza kabla ya jaribio, si wakati wa kazi yenyewe. Kuhusu muziki unaopigwa wakati wa kazi, Salamé na Baddeley waliona mwaka 1989 kwamba muziki wenye sauti ya mwimbaji huvuruga kumbukumbu ya muda mfupi zaidi kuliko muziki wa ala pekee. Mwaka 2011 Perham na Vizard walionyesha jambo litakalowasikitisha wengi: katika kukumbuka mfuatano wa herufi, muziki anaoupenda msikilizaji ulimharibia sawa na ule asioupenda.

Lakini kazi za masomoni si za aina moja. Mwaka 1976 Colle na Welsh waliwasomea wasikilizaji wa Kimarekani maandishi ya Kafka kwa Kijerumani, wakati wanajaribu kukumbuka mfuatano wa herufi. Maneno wasiyoyaelewa yaliwavuruga hata hivyo. (Mhakiki wa fasihi atasimama hapa kidogo: Kafka ametumika kama kelele, na jaribio likafaulu.) Katika kusoma kwa kuelewa mambo yalikuwa mengine. Martin na wenzake waligundua mwaka 1988 kwamba hapo kinachosumbua ni maana hasa: maneno yanayoeleweka huingia katika mlango ule ule unaotumiwa na maneno ya kitabu. Mtahiniwa wa Likasi ana kazi zote mbili. Ana maswali ya kuchagua jibu, yanayotaka kukariri, na ana insha ya Kifaransa, inayotaka kuelewa na kupanga hoja. Wimbo wa Kiswahili unaomfikia moja kwa moja una uwezo mkubwa zaidi wa kumwibia insha.

Kutokana na hayo tunapata kigezo cha uhakiki ambacho maandishi yaliyonukuliwa hayatupi: wimbo unafanya nini pale msikilizaji anapouondolea sehemu ya usikivu wake?

Hebu tumchukue Jean Bosco Mwenda, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930 na kufariki mwaka 1990. Ilikuwa mjini Jadotville, jina la Likasi kabla ya mwaka 1966, ambako Hugh Tracey alimkuta na kumrekodi, na santuri zake zikasambaa hadi Nairobi, ambako yeye na ndugu yake Edouard Masengo walifanya kazi kwa kipindi fulani. Wimbo wake *Masanga* umesifiwa kote. Ukiuandika maneno yake karatasini, unapata kitu kidogo; mhakiki wa dhamira atakimaliza kwa aya moja na pengine atasema ni wimbo mwepesi. Rycroft, aliyechunguza gitaa la Mwenda katika makala yake ya mwaka 1961 na 1962, aliona utajiri mahali pengine: katika vidole. Besi huenda njia yake, nyuzi nyembamba huenda njia yao, na muundo hurudi kila mara ukiwa umebadilika kidogo. Sauti ya Mwenda huingia, husema neno lake, hutoka, na gitaa halimsubiri.

Muundo huo ndio unaomfaa mtu mwenye daftari. Hauna kilele cha kungojewa wala kisa ambacho msikilizaji akikikosa atapotea. Anaweza kuutoka kwa ukurasa mzima na, akirudi, akaukuta pale pale na bado ukiwa mpya. Tunathubutu kusema kwamba usikilizaji wa nusu sikio huufichua ufundi wa *Masanga* vizuri zaidi kuliko ule wa mhakiki anayengoja maneno, kwa sababu humfundisha msikilizaji kuufuata wimbo kwa umbo lake. Mtahiniwa anayeweza kukuambia ni wapi besi hubadilika, ingawa hawezi kutaja mshororo hata mmoja, ameupokea wimbo huo kama kazi ya sanaa.

Hali ni kinyume kwa Remmy Ongala. Yeye alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, akajijengea jina Dar es Salaam, na kufariki mwaka 2010. *Mambo kwa Soksi*, wimbo wake kuhusu kinga dhidi ya ukimwi ambao Redio Tanzania ilikataa kuupiga, umeundwa ili ushike sikio kwa maneno. Msanii anahutubia, anatania, anashurutisha. Kuusikiliza kwa nusu sikio ni kuukosa kabisa, na kuusikiliza kwa sikio zima ni kuifunga insha. Hatusemi kwamba wimbo huu ni duni kuliko ule wa Mwenda. Tunasema kwamba ni mbaya kwa meza ya mtahiniwa kwa sababu zile zile zinazoufanya kuwa mzuri ukumbini. Vigezo vyetu vya kawaida, vinavyothamini ujumbe juu ya yote, vitampa Ongala alama za juu na kumwacha Mwenda nyuma. Meza ya Kamatanda inageuza matokeo hayo.

Kuna watakaopinga kwamba huku si kusikiliza hata kidogo. Tunawaomba watazame hadhira ya taarabu. Katika harusi ya pwani watu huzungumza, hula, husalimiana wimbo ukiendelea. Kisha mshororo mmoja unamgusa mtu, naye anainuka kwenda kutunza. Usikivu huo unaokuja na kwenda haujawahi kutufanya tuseme kwamba hadhira ya taarabu haisikilizi. Mtahiniwa naye ana kutunza kwake: anaweka kalamu chini.

Kiswahili cha Katanga kimepata watafiti hodari. Fabian alikitazama katika kazi na katika historia ya ukoloni, Schicho katika maigizo ya kundi la Mufwankolo, de Rooij katika kuchanganya kwake na Kifaransa. Tunachopendekeza ni kazi ya kiwango cha tasnifu ya shahada ya kwanza, isiyohitaji gharama kubwa: kukusanya orodha za nyimbo za watahiniwa wenyewe, pamoja na mpangilio wake na saa za kuzisikiliza. Zimo ndani yake nyimbo za Lingala kutoka Kinshasa na nyimbo za injili, na mgawanyo wa lugha kati ya somo na somo utakuwa na mengi ya kusema. Ila mtafiti asiishie kuuliza ni wimbo gani unaopendwa zaidi. Aulize ni upi uliozimwa ilipofika zamu ya insha, na ni mshororo upi uliokuwa ukipita wakati mkono uliponyooshwa kuuzima.