Swali la Mguu wa Kushoto

Kwenye Daraja la Nyali saa kumi na mbili jioni, gari la spoti halina la kujivunia. Linasogea, linasimama, linasogea tena, na kila kusogea ni klachi. Ya kwangu ilikuwa nzito kupindukia. Subaru Impreza WRX niliyoinunua ilikuwa imepita mikononi mwa watu watatu kabla yangu, na nilipokuwa nikifika Kongowea goti lilikuwa linatetemeka.

Gereji ya kwanza fundi aliikanyaga mara moja tu, akakata shauri: klachi imekwisha, tushushe giaboksi, tubadilishe seti nzima. Bei aliyoitaja ndiyo iliyonipeleka kwa mzee mmoja afanyaye kazi chini ya mwarobaini.

Mzee hakushika spana. Aliuliza, "Ulilinunua likiwa hivi, mwanangu, au limekuwa hivi mikononi mwako?"

Lilikuwa hivi tangu siku ya kwanza. Akauliza tena: nikipanda Mazeras kwa gia ya nne na kukanyaga mafuta, je, injini inapiga kelele na gari halivuti? Nikamwambia linavuta hadi shingo inarudi nyuma. Akatikisa kichwa. Klachi iliyolika huwa nzito kweli, kwa sababu diski ikipungua unene, vidole vya springi ya presha pleti hubadili mlalo na kudai nguvu zaidi. Lakini hatimaye iliyolika huteleza pia. Yangu haikuwa na dalili ya kuteleza.

Uzito wa pedali una njia ndefu ya kupita. Kuna bushi za pedali yenyewe, masta ya juu, bomba na hosi ya mafuta, masta ya chini, uma, beringi, kisha vile vidole. Kizuizi chaweza kukaa popote, na anayeanzia kwenye giaboksi ameanzia mahali pa mwisho tena pa gharama kuliko pote. Mzee alianzia juu. Alichomoa pini inayounganisha pedali na masta, akaisukuma pedali kwa kidole. Ikalia kama mlango wa banda la kuku. "Hii inataka grisi," akasema, "lakini haiwezi kukutesa hivyo."

Kisha akaomba glasi ya maji. Nilidhani ana kiu. Akafungua kopo la mafuta ya breki, ambayo ndiyo yanayoendesha klachi hii, akachovya bisibisi na kudondosha tone ndani ya glasi. Tone likayeyuka likapotea. Lingeelea, alinieleza, tungejua kuna mtu aliyewahi kutia oili ya injini au ya stelingi. Oili hizo huvimbisha raba za ndani, na raba iliyovimba hukwama kwenye silinda. Akabonyeza na raba ya kifuniko. Haikuwa imelegea wala kuvimba.

Jaribio lililofuata ndilo ninaloliona kuwa kilele cha ufundi wake, ingawa halikuchukua hata dakika moja. Katika WRX masta ya chini imejificha chini ya intakula, hivyo aliing'oa intakula kwanza. Akavalisha mpira mwembamba kwenye nipo ya kutolea upepo, ncha ya pili akaitia chupani, akanituma nikakanyage. Akailegeza nipo. Pedali ikazama laini, kama mguu unaoingia mchangani. Basi pedali, masta ya juu, bomba na hosi vyote havikuwa na kosa: njia ikifunguliwa chini na uzito ukaondoka, uzito huo unatoka chini zaidi. Robo mzunguko wa spana ulikuwa umeligawa tatizo mara mbili. (Matone yaliyomwagika aliyaosha kwa maji papo hapo, mafuta hayo hula rangi ya gari.)

Alipomaliza kutoa upepo aliushika uma kwa mkono, akautikisa. Ulicheza vizuri, bila kukwaruza. Akaisogeza pembeni ile raba inayouzunguka, akamulika tochi ndani, akaniita. Gizani kule, nyuma ya vumbi jeusi la diski, kulikuwa na rangi ya machungwa.

"Kiwandani hawapaki rangi hii," alisema.

Mmoja wa wenyewe wa zamani alikuwa mtu wa mbio. Sikushangaa sana. Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 na Richard Burns, na nchi hii ina watu wengi waliolitamani gari hili utotoni, walipopata kazi wakalinunua na kulifunga vyuma vya mashindano. Presha pleti ya mbio ina springi kali ili diski isiteleze chini ya nguvu ya taabo. Mguu ndio unaolipa.

Hakikuwapo kilichoharibika. Ushauri wake ulikuwa nisubiri diski iishe, ndipo giaboksi ishushwe mara moja na pleti ya kawaida irudishwe. Akapaka bushi grisi, akataja pesa kidogo hata nikaona haya. Nilipokuwa nawasha gari akainama dirishani. "Hebu vuta kiti mbele tundu moja, dada. Unasukuma kwa kifundo. Sukuma kwa paja."

Jioni ile darajani foleni ilikuwa ileile. Pedali haikulia tena, ila uzito ulibaki palepale. Nikasukuma kwa paja hadi Kongowea.