'Kula' Katika Bao na Katika Oware

Baadhi ya wafasiri huiita michezo yote ya jamii hii 'bao', na kila utwaaji wa kete 'kula'. Kwa neno la kwanza hatuna ugomvi mkubwa: omweso wa Uganda, wenye mashimo 32 na kete 64, ni ndugu wa damu wa bao la Kiswahili. Taabu imo katika la pili. Mchezaji wa bao akila, huzisambaza kete alizokula upande wake, kuanzia kichwani. Haitoki mchezoni hata moja. Katika oware ya Ghana, yenye mashimo 12 na kete 48, zilizoliwa huondolewa kabisa, na anayefikisha 25 ameshinda. Mwanafunzi ajuaye bao, akisomeshwa 'kula' tupu, atazirudisha ubaoni. Tutaambiwa kwamba katika dama kete huliwa ikaondoka. Ni kweli, lakini dama haisambazwi, wala hakuna atakayeichanganya na bao. Kwa oware twapendekeza 'kutwaa'. Ama 'kupanda mbegu', tuliyokutana nayo zaidi ya mara moja, hiyo ni lugha ya shamba.