Karatasi ya Maswali Arobaini

Mwaka jana katika parokia moja ya mji wetu wa Lubumbashi kiongozi wa vijana alirudi kutoka mafunzo ya siku tatu, mkononi ana karatasi ya maswali. Akawagawia vijana wangu wa darasa la kipaimara, wakaijaza, naye akajumlisha alama. Mmoja wao, kijana wa miaka 16, mtoto wa mjane auzaye makaa, aliwapita wote. Kiongozi akamwita mama yule akamwambia: “Mama, mtoto wako huyu umwangalie sana. Karatasi yaonyesha ana moyo wa jambazi.” Jumapili iliyofuata kijana hakuja darasani, wala Jumapili ya pili.

Mimi si mtaalamu wa mambo ya nafsi. Lakini seminarini tulifundishwa kwamba kitabu husomwa kwanza na mwalimu, ndipo kipewe mwanafunzi. Basi nikatafuta asili ya karatasi ile, nikaisoma swali kwa swali.

Aliyeitunga ni Marvin Zuckerman, Mmarekani, aliyefundisha saikolojia miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Delaware, akafariki mwaka 2018. Kazi yake haikuanza na wezi wala wauaji. Ilianza na chumba cha giza. Zamani zile wataalamu walikuwa wakiwalaza watu mahali pasipo mwanga wala sauti, wapate kuona akili ya mtu yavumiliaje upweke kama huo. Wengine walitulia kwa saa nyingi, wengine walihangaika upesi. Zuckerman akataka kujua mapema nani atavumilia na nani hatavumilia, akatunga maswali, yakachapwa mara ya kwanza mwaka 1964. (Kumbe wengi waliojitolea kulala gizani walikuwa wenyewe ni wapenda mambo ya ajabu; walikuwa wamesikia kwamba humo ndani mtu huona maono!)

Kitu alichokipima nitakiita kiu ya msisimko. Maana yake ni kutamani mambo mapya, ya namna nyingi, yenye nguvu, na kuwa tayari kuingia katika hatari ya mwili, ya jina, ya sheria au ya fedha kwa ajili ya kuyapata. Tuangalie vizuri: hatari siyo inayopendwa. Hatari ni bei tu.

Karatasi iliyoenea sana ni ile ya mwaka 1978. Ina jozi 40 za maneno, na katika kila jozi yakupasa kuchagua neno moja; hakuna nafasi ya kusema “labda”. Jozi hizo ni mafungu manne ya kumi kumi: michezo ya hatari, mambo mapya ya akili na ya macho, kujiachia katika pombe na karamu za fujo, na kuchoshwa upesi na watu au kazi ile ile.

Kasoro ya kwanza yaonekana na mtoto. Kijana wa Katuba aulizwa kama angependa kuteleza juu ya theluji mlimani, au kuruka kwa parashuti, au kuzamia baharini. Theluji ameiona katika simu tu. Akijibu “ndiyo”, tumepima kiu yake, au tumepima filamu alizozitazama? Neno hili si geni kwetu Katanga. Mwaka 1954 André Ombredane, profesa wa Brussels, alichapa kitabu juu ya mtihani wa picha aliowapa Wakongo, naye aliona lazima picha za Marekani zichorwe upya kwanza, ziwe na watu na mambo ya Kongo. Na mwaka 1959 Laroche alieleza habari za watoto wa Katanga waliorudishiwa mtihani ule ule wa akili: alama zilipanda. Ni wazi kwamba mazoea ya karatasi yalikuwa yanahesabiwa pamoja na akili. Wazee wetu walipimwa sana miaka ile. Ingefaa tukumbuke.

Lakini kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo yahitaji subira kidogo. Ndani ya maswali yenyewe mtu aulizwa kama hupenda kulewa, kama angejaribu bangi au dawa za kuleta maono. Kisha mtaalamu awachukua watu wale wale, awauliza kama hutumia dawa za kulevya na kuvunja sheria, akuta majibu yapatana, atangaza kwamba kiu ya msisimko yaenda pamoja na uhalifu. Ni kama mama aliyetia chumvi katika mboga kwa mkono wake, akaonja, akastaajabu kuwa ina chumvi.

Tena chungu cha pili nacho kimetiwa chumvi. Robert Hare wa Kanada alitengeneza mwaka 1980 kipimo cha watu wenye moyo mkavu, wasio na huruma wala majuto, akakisahihisha mwaka 1991. Kina mambo 20, na mojawapo ni kutaka msisimko na kuchoka upesi. Vipimo viwili vyenye neno moja ndani yake vitakosaje kufanana? Namsifu Hare kwa jambo moja: kipimo chake hakijazwi na mtu mwenyewe kwa dakika kumi. Mpimaji aliyefundishwa huongea na mtu kwa muda mrefu, husoma na faili zake, ndipo atoe alama. Na sehemu kubwa yahusu mengine: uongo, kuwatumia wenzake, kutojuta. Juu ya majuto karatasi ya Zuckerman haina hata swali moja.

Nisimwonee Zuckerman. Jeffrey Arnett, mwaka 1994, alitunga maswali mengine 20, akayaondoa yale ya kuvunja sheria na yale ya nguvu za mwili. Hata baada ya kupepeta hivyo, uhusiano na ukorofi wa vijana haukutoweka kabisa. Basi kuna kitu. Lakini katika karatasi ya zamani uhusiano huo watoka hasa katika fungu la kujiachia na la kuchoka upesi. Fungu la michezo ya hatari lina kidogo sana. Wapanda milima na wazima moto wana kiu hiyo, na hakuna awaitaye majambazi.

Msomaji wa Maungamo ya Mtakatifu Augustino amekwisha kukutana na habari hii. Akiwa na miaka 16 aliiba mapea usiku, wala hakuwa na njaa; nyumbani kwao yalikuwako mazuri zaidi. Alipenda kutenda lililokatazwa. Hapo Zuckerman angetikisa kichwa. Lakini Augustino aongeza neno ambalo karatasi haina pa kuliandika: peke yake asingefanya. Karatasi humuuliza kijana mmoja mmoja, na mapea huibwa na kundi.

Tena si kila aingiaye hatarini ana kiu hiyo. Tarehe 27 Juni 2019 mgodi uliporomoka huko Kolwezi, wakafa wachimbaji wa mkono 43 au zaidi. Je, walishuka kutafuta msisimko?

Tangu Machi 2024 Serikali yetu iliondoa kizuizi cha kutekeleza hukumu ya kifo, na katika makosa yaliyotajwa umo ujambazi wa mijini ulioleta mauti. Jina la jambazi si jina la kumtupia mtoto mbele ya mama yake kwa sababu amesema angependa kuruka kwa parashuti.

Nilikwenda nyumbani kwao. Nilimkuta juu ya bati la jirani, akifunga waya wa umeme bila kiatu, kazi ambayo mimi nisingeithubutu. Akashuka, tukaketi. Nikamwonyesha karatasi, naye akaanza kuniuliza mimi maswali, moja moja, mpaka akafika kwenye theluji, akacheka. “Mwalimu,” akasema, “wewe umepata ngapi?” Nilikuwa nimepata 9. Yeye 31.

Jumapili alirudi, akakaa benchi la nyuma. Karatasi yake ingali katika faili ya kiongozi. Nimeiomba mara mbili.