Gari Moja, Masafa Matatu

Nissan Leaf, gari dogo la umeme mtupu lenye betri ya uniti 24, lilipoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2010, lilitangazwa kwa masafa matatu yasiyopatana: Japani lilisemwa lafika kilomita 200 kwa chaji moja, Ulaya 175, na Marekani 117. Gari lilikuwa lile lile na betri ile ile, wala hapakuwa na mwongo miongoni mwa wapimaji. Hitilafu ilitokana na namna ya kupima, na anayetaka kulijua gari la umeme kwa hakika yampasa aanzie hapo.

Kipimo cha Japani cha wakati ule kilifuata mwendo wa mjini, wastani wa kilomita 24 kwa saa, nacho hakikuvuka 82 hata mara moja. Cha Ulaya kiligusa 120 kwa nukta chache tu karibu na mwisho, kiyoyozi na hita vikiwa vimezimwa. Wamarekani nao hupima maabarani, kisha aghalabu huondoa kadiri ya asilimia 30 ya matokeo, kwa kuwa wajua kwamba barabarani mna joto, baridi na haraka za watu. Kwa rai yangu, hisabu yao ndiyo iliyo karibu zaidi na haki.

Sababu kubwa ya tofauti hizi ni hewa. Gari la umbo la Leaf likienda kilomita 50 kwa saa, hewa hulizuia kwa nguvu ipatayo nyutoni 75. Likienda 100, nguvu hiyo haiwi maradufu bali hupanda mara nne, ikakaribia 300, ilhali ukinzani wa matairi wabaki kadiri ya 140 kwa mwendo wowote. Jumlisha, nawe utaona kwamba kilomita moja ya mwendo wa 100 yagharimu takriban mara mbili ya kilomita ya mwendo wa 50. Dereva wa petroli haya hayamshughulishi sana, maana tangi lake ni kubwa na kituo ki karibu. Lakini lita moja ya petroli ina nishati ya uniti zipatazo 9. Basi betri nzima ya Leaf, yenye uzito unaokaribia kilo 300, imebeba nishati isiyotimia lita 3. Gari la watu watano kwenda zaidi ya kilomita 100 kwa akiba hafifu namna hiyo ni kazi ya uhandisi inayostahili sifa kuliko tarakimu yoyote ya tangazo.

Baridi nayo hudai haki yake. Injini ya petroli humwaga joto ovyo, na abiria hulipata bure. Leaf la awali lilipaswa kulizalisha kwa hita ya umeme, nayo ikila kilowati 3 kwa saa nzima ya foleni, humaliza sehemu moja katika saba ya chaji inayotumika. Ndiyo sababu baadhi ya magari ya mwaka 2013 yalitiwa pampu ya joto, ambayo huvuta joto kutoka hewa ya nje badala ya kulizalisha upya.

Joto kali, kwa upande wake, huidhuru betri yenyewe. Betri ya Leaf haikupewa maji wala feni ya kuipoza, na mwaka 2012 wenye magari hayo huko Phoenix, Arizona, walilalamika kwamba ujazo wapungua upesi mno. Baadaye Nissan iliongeza dhamana kwa ajili ya ujazo huo. Jambo hili lawahusu sana wanunuzi wa Mombasa na Dar es Salaam, ambao magari yao mengi hutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika. Dashibodini, kando ya kipimo cha chaji, mna mistari 12 midogo ya afya ya betri, na mstari wa kwanza hauzimiki mpaka asilimia 15 ya ujazo iwe imetoweka. Inayofuata huzimika kwa kila asilimia 6 na ushei. Kwa hiyo gari lililobaki na mistari 9 limekwisha poteza zaidi ya robo ya ujazo wake, na zile kilomita 117 za Wamarekani zimebaki kama 85, nazo ni kabla dereva hajaongeza mwendo katika barabara kuu.