Picha Kali, Ndege Hayupo

Chukua simu utafute picha za flamingo wa Nakuru. Zitakuja nyingi, lakini ni kama picha moja imerudiwa tu. Ufuo wa waridi, mabawa yamefunguka, kila unyoya unahesabika, matone ya maji yamening'inia hewani kama shanga. Chini yake watu wameandika "kali sana" na kumwaga vimoto.

Mimi pia nimeipiga hiyo picha. Kamera ilikuwa ya kuazima, kasi ya shata 1/2000 ya sekunde, vile tunavyofundishwa YouTube: ndege akitembea, ongeza kasi, akiruka, ongeza zaidi. Nilipoiangalia nyumbani nilishindwa kujua kama yule ndege alikuwa anaondoka au anatua. Nilikuwa nimemnasa yeye, safari yake nikaiacha ziwani.

Hilo ndilo shtaka langu. Picha hizi si mbaya, ila zimetulia mno. Heroe, kama Waswahili wanavyomwita flamingo, hajirushi tu juu kama njiwa. Anakimbia kwanza juu ya maji, shingo mbele, hatua baada ya hatua, mpaka hewa imbebe. Mbio zile ndizo heroe mwenyewe. Ukizigandisha, unabaki na pambo la ukuta.

Mfaransa Étienne-Jules Marey alihangaika na jambo hili zamani. Mwaka 1882 alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, iliyopiga picha 12 kwa sekunde. Alikuwa mwanasayansi aliyetaka kujua bawa linafanyaje kazi. Lakini itazame picha yake ya mwari akitua: ndege mmoja, miili kadhaa kwenye sahani moja, huyu akimwingilia yule. Kila mwili umenaswa kwa kasi kubwa, ila Marey hakukubali mmoja usimame badala ya wote. Unaona ndege alikotoka na anakoelekea.

Sisi tuna njia rahisi zaidi. Shusha shata hadi 1/30, mfuate ndege kwa kamera, bonyeza bila kusimamisha mkono. Nyingi zitaharibika. Moja itakubali: kichwa kimetulia, mabawa yamekuwa moshi, ziwa limekuwa mistari. Wajuaji watakwambia umetikisika. Waache.

Sisemi ukungu wote ni sanaa. Ziko picha ambazo ni waridi limepakwapakwa tu, hata jicho la ndege halionekani. Hiyo nayo ni mbwembwe. Na mtu anayetaka kutambua aina ya ndege ana haki yake ya 1/2000. Ninachouliza ni kimoja: picha inajua kwamba ndege anaenda?

Swali lina uzito kwa sababu ya Nakuru yenyewe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziwa limekuwa likipanda. Limemeza migunga ya ufuoni, limefikia hadi lango kuu la zamani la mbuga. Chumvi ikapungua majini, na mwani ambao heroe wadogo hula ukapungua pia. Wengi wakahamia Bogoria na maziwa mengine. Ile picha ya waridi haikuhama nao. Bado iko kwenye brosha na mabango, kila unyoya mahali pake, ikiahidi kwamba wapo na watakuwepo. Picha ya ndege anayeyeyuka pembeni mwa fremu isingetudanganya hivyo. Ingetuambia tangu mwanzo kwamba hawa ni wageni, na wageni huondoka ukiharibika mji.

Nyumbani kwetu, babangu ametundika picha yangu ya siku niliyojiunga na chuo. Ni picha kali, hata vifungo vya shati vinahesabika. Wageni wakija anawaonyesha: "Huyu yuko chuo." Niliacha nikiwa mwaka wa tatu. Sasa naandika, napiga picha za harusi, nalipwa leo, kesho silipwi. Simlaumu mzee, picha haijamwambia kwamba nilikuwa natembea.

Nimeamua kumpelekea nyingine aitundike kando ya ile. Rafiki yangu ataipiga kwa 1/15, nikivuka barabara. Uso utaonekana. Miguu, sina uhakika.