Wanaokesha na Mifumo

Soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, samaki hawana subira. Dalali ameshanadi, bei imesimama, mchuuzi ana beseni la vibua miguuni na simu mkononi. Simu yake inasema fedha zimetoka. Simu ya mwenye mzigo imenyamaza. "Haijasoma, kaka," anasema mwenye mzigo. "Mimi huku nimeshakatwa," anajibu mchuuzi, na anamgeuzia kioo aone mwenyewe. Hakuna tapeli kati yao. Wote wawili wanasema kweli, na barafu inayeyuka.

Mahali fulani, pengine kwenye ghorofa la Kivukoni linalotazamana na soko hilo, pengine Dodoma, yupo mtu ambaye kazi yake ni kulijua jambo hili kabla wawili hao hawajaanza kuoneshana simu. Hauzi samaki, hajengi mfumo, wala hapokei simu za wateja. Anafuatilia. Amewekewa mbele yake namba zinazopanda na kushuka, na ameziwekea kengele. Ufundi wake haujapata msifu, nami nataka kuusifu.

Nchi hii imeshahamia ndani ya mifumo. Mabenki yamekuwa yakilipana kupitia TISS, mfumo wa Benki Kuu, tangu mwaka 2004. M-Pesa ilifika mwaka 2008 na kuwafundisha hata wakaanga pweza kuhesabu fedha wasizozishika. Mwaka 2017 ukaja GePG, mfumo wa kukusanya fedha za serikali, na kuanzia hapo ada, faini na kodi za pango za serikali zikaanza kulipwa kwa namba ya malipo. Jirani na soko la Feri, Magogoni, kwenye lango la kivuko cha kwenda Kigamboni, abiria wa shilingi 200 anagusisha kadi ya N-Card kwenye mashine na lango linamfungukia. Kila kitu kati ya hivi kilizinduliwa kwa hotuba na utepe. Baada ya utepe kukatwa na wageni kuondoka, mtu akabaki na mfumo usiku.

Kuna namna mbili za kuutazama mfumo. Ya kwanza ni kuitazama mashine: seva imeelemewa kiasi gani, diski imejaa kiasi gani, mtandao upo au haupo. Ni kazi ya lazima, na programu za kuifanya ni nyingi. Ya pili ni kuitazama shughuli yenyewe: aliyelipa amepokelewa? Aliyeomba amejibiwa? Mzigo uliolipiwa bandarini umeachiwa? Mashine zote zinaweza kuwa nzima, taa zote za kijani, na shughuli ikawa imekufa tangu alfajiri.

Chukua ankara moja ya serikali. Mwananchi anaomba namba ya malipo. Mfumo wa taasisi unapeleka ankara GePG, nayo inairudisha namba. Mwananchi anaiingiza kwenye simu au kwa wakala wa benki, benki au kampuni ya simu inauliza kama namba ni halali na deni ni kiasi gani, fedha zinakatwa, taarifa inarudi GePG, kisha inakwenda kwa taasisi, deni linafutwa na risiti inatoka. Mwisho wa siku hesabu za pande zote zinasuluhishwa. Hatua hizo zimo mikononi mwa taasisi tatu au nne, kila moja na mafundi wake, na kila moja inaweza kuapa bila kusema uongo kwamba kwake hakuna tatizo. Muamala hufia njiani, mahali pasipo na mwenyewe.

Hapo njiani ndipo fundi wa ufuatiliaji anapoweka jicho. Anahesabu yaliyoingia na yaliyotoka katika kila hatua, anajua kila hatua huchukua muda gani ikiwa nzima, na anaitega kengele ilie pale tofauti inapoanza kukua: upande huu yamekatwa malipo mia moja, upande ule yamethibitishwa tisini na mawili, na dakika kumi zimepita. Kwa mtazamaji wa mashine, manane kati ya mia ni kasoro ndogo. Kwake yeye ni watu wanane, na mmoja wao ana beseni la vibua.

Lakini tofauti ipi ni ya kupigiwa kengele, na ipi ni ya kuachwa ipite? Hapa ufundi wa kwanza unaingia kwenye maarifa ambayo kompyuta haikuzaliwa nayo, na wavuvi wa Feri wangeweza kuyafundisha darasani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa haiwavuti tena, boti nyingi hupumzika, na sokoni dagaa huadimika. Mgeni akiona hivyo atadhani bahari imepatwa na balaa. Dalali anatazama tu mwezi uko siku ya ngapi. Usiku wa giza, kaskazi imetulia, boti zisiporudi na kitu, ndipo dalali huyo huyo atakapoanza kuuliza maswali.

Miamala nayo ina giza lake na mbalamwezi yake. Mishahara hutoka mwisho wa mwezi na wakati huo fedha humiminika. Januari ni ya ada za shule. Mkesha wa Idd simu hazipumziki. Ijumaa adhuhuri shughuli hupungua kidogo, kisha hurudi. Alfajiri kivuko kinavuta watu wa Kigamboni kuja mjini, jioni kinawarudisha. Fundi mchanga huweka kiwango kimoja kwa saa zote: malipo yakipungua chini ya idadi fulani, kengele ilie. Usiku wa manane italia bure, na saa moja asubuhi, malipo yanapokuwa nusu ya kawaida, itakaa kimya kwa sababu nusu ya asubuhi bado ni nyingi kuliko yote ya usiku. Fundi aliyekomaa hulinganisha saa moja asubuhi ya Jumatatu na saa moja asubuhi za Jumatatu zilizopita. Ili aweze hivyo, hana budi kutoka ofisini, akakae na karani wa tiketi, akaongee na wakala, akajue ni siku gani watu hulipa na kwa nini. Ndiyo maana mafundi bora wa kazi hii niliowahi kuwaona wanaijua biashara ya mwajiri wao kuliko baadhi ya mameneja wake.

Ufundi wa pili umo katika maneno. Kengele ikilia humfikia mtu kama ujumbe, mara nyingi saa nane usiku, naye ana macho ya usingizi. Ujumbe mbaya husema: "Kosa 504, lango la pili, jaribio 3/3." Ujumbe wa fundi husema: "Tangu saa 12:10 asubuhi malipo ya kivuko kupitia mtandao mmoja wa simu hayathibitishwi. Mitandao mingine ni mizima. Miamala 64 inasubiri, hakuna iliyopotea. USIIZIME huduma na kuiwasha upya, itakata watu mara mbili. Mpigie wa zamu upande wa pili. Asipopokea ndani ya dakika tano, mwamshe mkuu wa zamu." Usome tena huo wa pili taratibu. Umetaja nani anaumia, tangu lini, nini kiko salama, kosa gani la haraka lisifanywe, na hatua gani ifuate. Aliyeuandika aliufikiria mchana, akiwa ametulia, kwa ajili ya mtu atakayeupokea usiku au alfajiri akiwa hajatulia. Ni uandishi wa huruma, na kwa macho yangu una haki ya kuitwa fasihi.

Ufundi wa tatu ni kujizuia. Kutega kengele ni rahisi, na kila mkubwa akishatikiswa na tatizo moja hutaka itegwe nyingine. Baada ya mwaka mmoja zinalia mia kwa siku, nyingi hazina maana, na wa zamu amezoea kuzifuta kwa kidole bila kuzisoma. Wahenga walisema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Hawakuongeza kwamba siku mwizi atakapokuja, atapita mlango huo huo.

Mfano wa jambo hili umeandikwa katika kumbukumbu za wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani. Agosti 1, 2012, kampuni ya hisa ya Knight Capital ilikuwa imeweka programu mpya kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ilisahaulika na programu yake ya zamani. Kabla soko halijafunguliwa asubuhi hiyo, mfumo wao wenyewe uliwatumia wafanyakazi barua pepe 97 zinazotaja kosa. Hazikuwa zimeandaliwa kuwa kengele, na hakuna aliyezishughulikia. Soko lilipofunguliwa, seva ile moja ikaanza kununua na kuuza hisa ovyo, na katika dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Tahadhari zilikuwepo 97. Aliyekosekana ni mtu mmoja aliyepewa jukumu la kuzisoma. Ndiyo maana fundi hodari hujivunia kengele alizozifuta kama anavyojivunia alizozitega. Kila wiki hukaa na orodha yake na kuuliza kila moja: mara ya mwisho ulipolia, kuna mtu alifanya jambo lolote? Isiyokuwa na jibu inaondolewa.

Ufundi wa nne ni mgumu kuliko yote: kusikia kimya. Februari 2016 wezi waliingia katika mfumo wa Benki Kuu ya Bangladesh na kutuma maagizo ya karibu dola bilioni moja kwenda Benki Kuu ya Marekani tawi la New York, yote yakionekana halali. Benki ya Bangladesh ilikuwa na printa iliyochapa kila agizo lililopita. Wezi waliinyamazisha. Wafanyakazi walipokuta haichapi walidhani ni ubovu wa kawaida, printa gani isiyosumbua? Ilipokuja kuamka, dola milioni 81 zilikuwa zimeshaingia kwenye akaunti za Manila. Kifaa kilichotakiwa kupiga kelele kilikuwa kimekaa kimya, na hakuna aliyekuwa amefundishwa kwamba kimya chake ndicho kengele yenyewe. Mkeshaji mzuri hutega kengele ya kulia pale jambo lililozoea kutokea halijatokea: faili la usuluhishi lililotakiwa kufika saa sita usiku halijafika, lango la kivuko halijarekodi abiria hata mmoja kwa robo saa nzima wakati foleni imefika barabarani.

Zipo pia siku ambazo kila kitu hulia kwa pamoja. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikasuasua Tanzania na kwa majirani. Siku ya namna hiyo kioo chote huwa chekundu, na simu za wakubwa hazikatiki. Aliyejiandaa anatenganisha: hili limetoka baharini, hatuliwezi, hili ni letu, tulishike, huduma hii bado inapita njia za ndani, msiiguse. Nusu ya kazi yake siku hiyo ni kuwazuia watu wema wasitengeneze kisichoharibika.

Na kuna namba ambazo kuzifuatilia kwa wakati si suala la fedha tu. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliofariki pekee walizidi 220. Habari za siku zile zilieleza kwamba mkata tiketi naye alikufa na mashine yake ilipotea majini, hata ikawa vigumu kujua walipanda wangapi. Hesabu ilikuwepo, lakini ilisafiri ndani ya chombo kile kile na waliohesabiwa. Lango linalohesabu abiria Magogoni lina thamani pale tu namba yake inapomfikia, kabla kamba haijafunguliwa, mtu wa nchi kavu mwenye mamlaka ya kusema: imetosha.

Neno hilo, mamlaka, ndilo linalotufikisha kwenye deni tunalodaiwa na watu hawa. Tunawanunulia vioo vikubwa vya ukutani na programu za bei kubwa, kisha tunawaacha bila ruhusa ya kusimamisha chochote. Wanaona, wanapiga simu, wanaambiwa wasubiri kikao. Ufuatiliaji usio na mamlaka ni utazamaji.

Kwa hiyo wewe unayeongoza taasisi yenye mfumo, iwe benki ya Mtaa wa Samora au duka la jumla la Kariakoo linalopokea malipo kwa lipa namba, ukifika kazini kesho uliza maswali matatu. Shughuli yetu ikisimama saa nane usiku, nani anajua kwanza? Anaambiwa kwa maneno gani? Na anaruhusiwa kufanya nini bila kumwomba mtu? Ukijibiwa kwamba ujumbe huwa unaingia kwenye kundi la WhatsApp lenye watu arobaini, jua kwamba huna mlinzi. Mteue mmoja, mpangie zamu na wenzake ili apate kulala, mlipe haki yake, na umpe ruhusa ya kusimamisha.